Barua ya wazi kwa wakubwa wa mifugo: daktari wa kwenye simu tunaye tayari, mpeni utaratibu

Kwenu Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari, Msajili wa Baraza la Veterinari, na wakurugenzi wetu wa halmashauri huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Rungwe na Busokelo mpaka Mbozi, Mufindi, Njombe na Makete, kote ambako mtu akiamka anachungulia banda kabla hajanawa uso. Shikamooni mlionizidi umri, wengine habari za kazi.

Naandika nikiwa Rungwe, mvua haijakata tangu alfajiri na simu ina chaji asilimia kumi na tisa, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Mimi ni mfugaji wa kawaida tu, nina ng'ombe wawili wa kisasa na mtamba mmoja, wanakaa bandani nawakatia majani, maziwa napeleka kituo cha kukusanyia asubuhi, ndio ada, ndio mafuta ya kula, ndio kila kitu. Sina cheo chochote. Nimeamua kuandika kwa sababu kuna jambo tunalifanya kimyakimya huku kila siku, madaktari wanalifanya kwa kujificha na nyie sidhani kama hamlijui, nalo ni kutibiwa mifugo kwa video.

Niwaeleze lililonipata. Mwezi wa nne mwaka jana ng'ombe wangu anaitwa Sikujua alizaa saa kumi jioni, mzao wa tatu, ndama jike, mzima kabisa, tukamkamua dang'a ndama akanyonya tukaingia ndani kula tukiwa na furaha zetu. Saa tatu usiku naenda kumwangalia namkuta anapepesuka kama aliyetoka kwenye pombe ya kimpumu. Saa saba kashalala chini, shingo kaikunja kailaza ubavuni, ukimwinua hainuki, ukimwita hata sikio halichezi. Nikampigia bwana mifugo wetu, yuko semina wilaya nyingine, na hata angekuwepo ana kata zaidi ya moja na pikipiki inataka petroli. Nikampigia muuza duka la dawa za mifugo, nikamweleza kwa sauti tu, naye hakuchelewa hata kidogo akasema hiyo ndigana mama (ule ugonjwa wa kupe), mpige OTC (ile sindano ya antibayotiki) ya kutosha, asubuhi njoo tuhesabiane. Ndivyo ilivyo huku jamani, kwa simu ya sauti kila ugonjwa ni ndigana na kila dawa ni OTC.

Kuna mtoto wa shemeji yangu anasoma chuo cha kilimo, SUA, kule Morogoro, nikamtumia ujumbe sijui hata kama nilitegemea kitu, akaamka, akamwamsha daktari mmoja anayemfahamu, na huyo daktari saa nane usiku akakubali kupigiwa video. Sasa ndani ya banda netiweki inashuka mpaka E, ikabidi mume wangu asimame mlangoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, kashika simu yake juu inatoa hotspoti, mimi ndani na simu yangu na mtoto kashika tochi, mvua inapiga bati huwezi kusikia vizuri. Picha inaganda, inarudi, inaganda. Daktari akasema mama tulia, nionyeshe shingo. Nikamwonyesha. Shika masikio, ya moto au ya baridi? Ya baridi. Amewahi kunya tangu jioni? Hapana. Una kipimajoto? Nilikuwa nacho, nilikinunua kwenye mafunzo ya kikundi, nikaweka nikasubiri nikasoma, 37.2. Akasema basi hiyo si ndigana kali, wa ndigana kali angekuwa anawaka, arobaini na kitu, na tezi chini ya sikio zimevimba, huyu wako kapoa. Ni homa ya maziwa.

Homa ya maziwa jina lenyewe linadanganya, haina homa hata kidogo. Kalsiamu ya kwenye damu imeshuka ghafla kwa sababu maziwa yameibeba, misuli inakosa nguvu, ng'ombe analegea analala, na usipomuwahi anaweza kufa siku hiyohiyo. Hapo mimi nilikuwa nimeshashika chupa ya mafuta ya kula nimechanganya na magadi nataka kumnywesha maana ndivyo tulivyofundishwa na wazee, daktari akaniona kwenye video akapiga kelele, mama weka chini hiyo chupa! Koo limelegea, hamezi, ukimwaga inaingia mapafuni unamuua wewe mwenyewe. Kwa simu ya sauti asingeiona ile chupa. Akatuambia tumkalishe kifua chini, tumweke magunia ya pumba huku na huku asilale ubavu, kisha tutafute kalsiamu ya kuingiza kwenye mshipa.

Kalsiamu ilipatikana kwa yuleyule muuza duka, tulimgongea. Ila nani aiweke? Ndio hapo. Nyumba ya nne kutoka kwangu kuna mzee alikuwa bwana mifugo enzi zile, amestaafu siku nyingi, macho usiku hayaoni vizuri lakini mkono wake unaujua mshipa wa shingo kuliko mimi ninavyoujua mlango wangu. Akaja na koti la mvua. Daktari kwenye simu anamwambia mzee pasheni kwanza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, polepole baba, polepole, weka mkono kifuani mapigo yakienda ovyo simamisha, maana kalsiamu ukiikimbiza kwenye mshipa moyo unasimama. Nusu lita ilichukua kama robo saa, kwangu ilikuwa kama mwaka mzima. Sikujua akaanza kutetemeka mwili, nikajua ndio anakufa, daktari akacheka akasema ndio dawa inaingia hiyo mama. Akabeua. Akajisaidia. Saa kumi na moja kasoro akasimama mwenyewe akaanza kumtafuta ndama wake.

Nimeeleza kwa kirefu makusudi. Kilichomwokoa Sikujua si simu peke yake, mniangalie vizuri hapo. Kulikuwa na jicho liko Morogoro, kulikuwa na kipimajoto kiko Rungwe, na kulikuwa na mkono wa mzee. Toa mzee hapo kati, ningekuwa na jina sahihi la ugonjwa na mzoga wa ng'ombe. Toa video, mzee angekuja amekuta nimeshamnywesha mafuta, na tungempiga OTC mpaka asubuhi. Ndio maana ombi langu si mtuletee madaktari wa kwenye simu badala ya bwana mifugo. Ombi langu ni kwamba hivi vitu viwili mviunganishe kwa utaratibu unaoeleweka, daktari aliyesajiliwa awe kwenye kioo cha simu na mtaalam msaidizi awe ubavuni mwa mnyama, na kila mmoja ajue anaruhusiwa nini, analipwa nini na akikosea anaulizwa na nani.

Maana asubuhi yake nilimpigia yule daktari nimshukuru, nikamuuliza nikutumie kiasi gani, akasema leo basi mama, ila nakuomba jina langu usilitaje mahali. Nikashangaa, mtu ameokoa ng'ombe anajificha kama mwizi! Akaniambia haelewi Baraza lingemchukuliaje, ametoa tiba kwa mnyama ambaye hajawahi kumgusa, na dawa imechomwa na mtu ambaye leseni yake iliisha zamani, lolote likitokea ni yeye. Mimi sio mwanasheria ila najua Sheria ya Veterinari tunayoitumia ni ya mwaka 2003, na 2003 hata hiyo WhatsApp ilikuwa haijazaliwa, simu ya mkononi yenyewe kijijini kwetu walikuwa nayo watu wa kuhesabu. Siilaumu sheria, ilitungwa kwa dunia yake. Nawauliza nyie mliopo sasa, mwongozo wa tiba ya mifugo kwa video uko wapi, mfupi tu, wa Kiswahili, ambao daktari anaweza kuubandika ukutani na mimi nikausoma?

Na mkichelewa kuna watu hawachelewi. Dada yangu anafuga nguruwe kule upande wa Igawilo. Mwaka juzi nguruwe wake wakaanza kukosa hamu ya kula, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu kwenda zambarau, wanalala wanarundikana, akaingia kwenye grupu moja la ufugaji akampata mtu anajiita dokta, picha ya wasifu kavaa koti jeupe na kile kidude cha kusikilizia moyo. Akamtumia video. Dokta akasema tuma elfu ishirini ya ushauri, akatuma, akaambiwa ni homa ya mapafu awachome antibayotiki siku tano, na wale ambao bado wazima awauze haraka asipate hasara. Akawauza. Mnajua ilikuwa nini? Homa ya nguruwe, ileile iliyowahi kuingia Kyela mwaka 2010 ikafika mpaka Dar, haina tiba na huku kwetu hatuna chanjo yake, na kitu pekee cha kufanya ni kufunga, usitoe nguruwe usiingize nguruwe, toa taarifa. Sasa hesabuni wenyewe wale aliowauza walifika mabanda mangapi. Dokta namba yake haipatikani mpaka leo. Dada yangu alilia, sio kwa elfu ishirini.

Halafu angalieni kichekesho chenyewe. Kwa ugonjwa huohuo video ndio ingefaa kuliko daktari wa kuja kwa miguu! Virusi vya homa ya nguruwe vinasafiri kwenye viatu, kwenye nguo, kwenye matairi, kwenye kamba ya kumfungia. Bwana mifugo akitoka banda hili lenye wagonjwa na gambuti zilezile akaenda banda la pili kuangalia kama wapo wazima, anawapelekea. Mlipuko ukitokea, simu ya kwanza ingetakiwa iwe ya video, daktari aangalie, aulize wamekufa wangapi kwa siku ngapi, amwambie mfugaji fungeni geti, kisha mtu mmoja tu aliyejiandaa ndio aingie kuchukua sampuli. Hapo simu inakinga ugonjwa, sio tu inatibu. Na huyo daktari awe na wajibu wa kutoa taarifa wilayani, sio hiari yake, hata kama amelipwa na mfugaji mwenye nguruwe wawili.

Kimeta ndio usiseme. Ng'ombe kafa ghafla, damu nyeusi inatoka puani na nyuma, haigandi, mwili haukakamai, na watu wameshanoa visu kwa sababu nyama haitupwi. Ukimpasua mbegu za kimeta zinaingia kwenye udongo zinakaa miaka na miaka, na waliokula ndio tunawasikia hospitali. Kwa mzoga kama huo daktari hana haja ya kugusa, hatakiwi hata mtu yeyote auguse, dakika mbili za video zinatosha kusema msipasue, msiguse, nawaletea mtu wa kusimamia kufukia. Simu kabla ya kisu. Hili peke yake lingetosha kuwafanya muweke namba moja ya bure ya mkoa inayopokea video, ila sijaishia hapo.

Najua mnasema wenzetu wameendaje. Hata wenzetu wamebishana sana tu. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa mwaka 2020 wakati wa korona ililegeza lile sharti la kwamba lazima daktari amwone mnyama kwa macho ndio aweze kumwandikia dawa fulanifulani, halafu Februari 2023 wakauondoa ule ulegezaji wao, yaani wakakaza tena. Lakini jimbo la California likatunga sheria yake, kuanzia Januari 2024 daktari anaweza kuanza kumhudumia mnyama kwa video ya moja kwa moja, ila antibayotiki asizidishe siku kumi na nne bila kumwona ana kwa ana. Uingereza nao, chombo chao cha madaktari wa mifugo kilitoa mwongozo mpya ulioanza Septemba 2023, daktari anaweza kuandika dawa bila kumshika mnyama kama anajiridhisha kitaalam, lakini kwa antibayotiki na dawa za minyoo na kupe na za fangasi na virusi wakasema hapana, mpaka umwone, isipokuwa kuwe na sababu ya kipekee kabisa. Mmeona wote wanapokwamia ni palepale? Antibayotiki. Na wale wanajadili zaidi paka na mbwa wa kwenye makochi, ambaye akipelekwa kliniki anapanda gari dakika kumi.

Sisi hatuwezi kunakili. Ukisema antibayotiki mpaka daktari afike, Makete unawaambia nini, daktari atafika lini na barabara ile mwezi wa tatu? Lakini na ukisema ruksa kwa video tu, mtakuwa mmehalalisha lile la muuza duka wangu, OTC kwa kila kitu, maziwa yenye dawa yanaenda kituoni sababu mtu hakuambiwa asubiri siku ngapi, halafu kesho kidonda cha mtoto hakisikii dawa maana vijidudu vimeshaizoea. Kwa akili yangu ya kifugaji naona njia ya kati ipo. Daktari wa kwenye video asitoe antibayotiki kwa mnyama ambaye ubavuni mwake hayupo bwana mifugo aliyeandikishwa, mwenye kipimajoto, ameshika tezi kwa mkono wake, na inapowezekana ametoa tone la damu kwenye kioo cha hadubini. Akiandika, aandike kwa cheti chenye namba yake ya usajili, na duka la dawa lisiuze bila hicho cheti. Sio karatasi lazima, hata ujumbe wa simu, kama tunavyolipia bili. Na kwenye cheti kiwepo kabisa siku za kutokuuza maziwa, hapo wengi mtatukasirisha lakini andikeni.

Tezi nimezitaja makusudi. Kuna vitu kamera haioni hata ikiwa ya simu ya milioni. Haishiki tezi, haisikilizi mapafu, haiingizi mkono kujua ndama amekaa vipi tumboni, hainusi, na rangi inadanganya, ufizi mweupe kwenye simu yangu ni wa pinki kwenye simu ya mume wangu. Ndigana kali na homa ya mapafu zote zinakohoa, kwenye video zinafanana kabisa. Damu ikitakiwa kupimwa sawasawa maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, iliyo kanda yetu ni ya Iringa, kutoka huku kwetu ni safari, sasa kama kioo cha damu kingepigwa picha kwenye hadubini ya wilaya ikatumwa ikasomwa na mtu wa Iringa siku hiyohiyo, hiyo nayo ni video vilevile, ama niseme ni binamu yake. Kwa upande mwingine kuna vitu inaviona vizuri kuliko maelezo yangu, ng'ombe anavyochechemea, mapele ya ngozi, kidonda kinavyopona baada ya kushonwa, pumzi ukihesabu ubavu unavyopanda na kushuka dakika moja, maziwa ya mabonge kwenye kikombe cheusi, kuku amepinda shingo kwa mdondo. Na ushauri wa chakula! Nusu ya magonjwa ya maziwa kidogo tunayolalamikia ukimwonyesha daktari hori atakwambia ng'ombe wako ana njaa mama, hana ugonjwa.

Sasa bwana mifugo. Pikipiki mlizogawa kwa maafisa ugani tunazijua, asanteni, ndaga fijo, ila nyingi zinalala kwa kukosa mafuta, na hata likipatikana lita mbili mtu mmoja hawezi kuwa milima mitatu. Mkimfanya awe mkono wa daktari mpeni na vya mkononi, kipimajoto, kile cha kusikilizia moyo, vile vikombe vinne vya kupimia ugonjwa wa kiwele, simu janja ambayo sio ya kwake binafsi na bando lisilokatwa kwenye posho yake. Kwa bei ya semina moja ya hotelini mtakuwa mmevalisha kata ngapi sijui, fanyeni hesabu nyie. Na wale wastaafu kama mzee wangu tusiwapoteze, wapimwe waandikishwe upya kwa kazi ndogo maalum, sio waitwe vishoka wakati sisi ndio tunawagongea usiku.

Malipo nayo msione aibu kuyaandika. Daktari anapigiwa bure usiku kwa sababu ni "swali tu dokta", maswali ishirini kwa siku, mwisho anazima simu na tunasema ana dharau. Wekeni bei elekezi ya ushauri wa video, ndogo, ilipwe kwa simu kabla, na bwana mifugo aliye bandani apate sehemu yake humohumo bila kumwomba mfugaji "ya soda". Mimi nitalipa. Ng'ombe anayetoa lita kumi na nane sio wa kupigiwa hesabu ya buku mbili tatu. Ila mwenye kuku watano wa kienyeji asiambiwe alipe sawa na mimi.

Netiweki nimeshawaambia habari ya ndoo. Kuna vijiji vya bondeni kule Busokelo ukitaka kupiga video unapanda mlima na ng'ombe humpandishi. Kwa hiyo mwongozo usilazimishe video ya laivu tu, uruhusu mtu arekodi vipande vifupi, cha kutembea, cha kichwa, cha kinyesi, cha kiwele, apande kilimani avitume, daktari ajibu kwa sauti. Hapo mfuko wa mawasiliano kwa wote mnaweza kukaa nao meza moja, minara wanayojenga waulize na mabanda yako wapi. Na lingine ambalo mabosi wengi mkiwa wanaume halitawajia haraka, huku anayekata majani, anayekamua, anayejua ng'ombe jana alicheua vipi ni mama, lakini simu janja ya nyumba iko mfukoni kwa baba na baba yuko Mbeya mjini. Mimi nimebahatika tu. Ndio maana simu iwe ya bwana mifugo au ya kituo cha maziwa, pale kila asubuhi akina mama tunapita wote na ndoo zetu, mahali pazuri kuliko hapo pa kumwonyesha daktari kitu sipajui.

Kuna na hili dogo lakini liliniuma. Ile video ya Sikujua amelala, mimi na kanga yangu ya kulalia na magunia ya pumba, wiki mbili baadaye mtu ananionyesha iko kwenye statasi ya mtu nisiyemjua anatangaza madini ya ng'ombe! Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 tunayo, basi na ya mabanda yetu yaingie humo, video ya matibabu ikae kwenye faili la mnyama. Na faili lenyewe mnalo tayari nusu, zile hereni za kielektroniki za kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025. Namba ya hereni isomwe mwanzo wa kila video, daktari aone huyu alichanjwa nini, aliumwa nini, alipewa dawa gani lini. Hapo hereni itakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuhesabiwa.

Anzeni padogo. Wilaya mbili, moja ya maziwa kama huku Rungwe na moja ya nguruwe, mwaka mmoja, madaktari wachache wanaojulikana kwa namba zao za usajili zilizobandikwa ofisi ya kata na kwenye maduka ya dawa, tuone wangapi wamepona, wangapi wamekufa, na hesabu zote mbili mziseme hadharani. SUA wapo, na watu wa TALIRI Uyole, taasisi ya utafiti wa mifugo, wako palepale kuwasaidia kupima. Msisubiri mpaka mjengewe mfumo wa mabilioni wenye nembo, ambao utahitaji nywila na nywila itasahaulika.

Naomba majibu mapema kidogo kwa sababu moja. Sikujua ana mimba tena, nimeshamkausha, anatarajiwa kuzaa mwezi wa sita, na ng'ombe akishapata homa ya maziwa mara moja mzao unaofuata anaweza akarudia. Chupa mbili za kalsiamu nimeshanunua ziko juu ya kabati. Mzee yupo, ila safari hii anaumwa miguu. Daktari bado hataki nimtaje jina.

Ni mimi,
mfugaji wa ng'ombe wawili na mtamba, Rungwe